Mbio za Mwalimu Ndunguru

“Gofu halikimbii, mgeni, mbio za nini?”

Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo bwana harusi alipokuwa anameza pilau bila kutafuna, mkacheka mpaka mkapaliwa. Halafu mkaja kuniuliza hayo magofu yametoka wapi, huku kwetu Mbinga ambako nyumba ikianguka tunapanda mahindi juu yake. Mmeuliza vizuri. Methali hii kwetu si mzaliwa, ni mhamiaji. Ilizaliwa Italia, ikaletwa huku na mume na mke, nayo ilianza hivi.

Palikuwa na mwalimu wa historia hapa hapa, Ladislaus Ndunguru, mtu mwenye hatua ndefu na maneno marefu zaidi. Alifundisha habari za Warumi wa kale tangu nywele zake zikiwa nyeusi hadi zikawa nyeupe, na hakuwahi kuliona hata jiwe lao moja. Mkewe aliitwa Otilia. Binti yao Konsolata alikuwa sista, muuguzi katika hospitali moja huko Roma. Wazazi wake walipofikia jubilei ya miaka hamsini ya ndoa, akawaombea nafasi katika nyumba ya wageni ya masista wakae wiki moja.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Kabla ya safari, daktari wa macho wa Songea alikuwa amemwambia Otilia kwamba ana presha ya macho, na kwamba dawa itachelewesha giza lakini haitalizuia. Tayari alikuwa haoni vitu vya pembeni. Otilia alizipokea habari hizo, akanunua dawa, akarudi nyumbani kupalilia kahawa yake. Aliyekosa usingizi ni Mwalimu. Akaapa moyoni kwamba kabla macho ya mkewe hayajafumba, yataiona Roma yote. Yote, nawaambieni! Wala hakumweleza mtu, hata Otilia mwenyewe.

Na kosa lake lilikuwa kosa la kwetu kabisa. Mnajua inavyokuwa mtu akirudi kwao wakati wa Krismasi. Lazima apite kila nyumba ya kitongoji, maana akiruka moja, hiyo hiyo ndiyo itakayomsema mpaka Pasaka kwamba siku hizi anaringa. Mwalimu aliingia Roma na akili hiyo. Kila gofu kwake lilikuwa jirani anayesubiri kusalimiwa.

Siku ya kwanza walizunguka Koloseo, lile duara la mawe la michezo ya Warumi, bila kupata nafasi hata ya kukohoa. Wakashuka Foro, ule uwanja wa kale ambapo Warumi walikuwa na soko, mahakama na mahekalu yao. Wakapanda kilima cha makaisari, wakateremka upande wa pili. Mwalimu yuko mbele, mkono juu, anauliza kama tao lile limeonekana. Otilia yuko nyuma, anajibu limeonekana. Aliitikia kama mtu anayeitikia litania huku anawaza chungu alichokiacha motoni. Jioni akatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, na Konsolata akamuuliza ameona nini siku hiyo.

“Nimeuona mgongo wa baba yako,” Otilia akasema. “Shati limeachia kwapani, nitalishona.”

Konsolata alicheka mpaka akashika ukuta. Mwalimu hakucheka. Lilimchoma, akaenda kulala mapema.

Mngedhani angejirekebisha. Thubutu! Kesho yake ilikuwa zamu ya makumbusho, ukumbi baada ya ukumbi, sanamu zisizo na pua na sanamu zisizo na mikono. Kila alipomsikia mkewe anahema, Mwalimu aliongeza mwendo, kwa kuwa aliona muda unamponyoka. Otilia akamgonga mtalii mmoja ambaye hakumwona pembeni, akamwomba radhi kwa Kimatengo. Yule mtalii akamwinamia kwa heshima, wakaachana salama.

Siku iliyofuata Konsolata alikuwa zamu hospitalini. Akawapandisha treni ya kwenda Ostia, mji wa bandari wa Warumi uliokufa zamani, ukabaki magofu matupu, mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba. Mtu mwingine angeziona nyumba zile zilivyo nyingi akasalimu amri. Mwalimu alikunja suruali, akaanza na ya kwanza. Anaingia hii, anatoka, anaingia ile. Katika nyumba mojawapo akawa anaeleza jinsi Warumi walivyochoma matofali, akaeleza weee, akageuka kuuliza kama ameeleweka. Otilia hayupo.

Aliita. Kimya. Akawaza ngazi zilizovunjika na mashimo ya visima vya kale, na mke asiyeona pembeni. Akarudi mbio, mzee mzima, kofia mkononi, akichungulia kila mlango na kuita jina la mkewe. Alikuwa anasali rozari na kukimbia kwa pamoja, na pumzi hazikutosha kwa kazi zote mbili.

Akamkuta ameketi kwenye benchi la mawe kando ya mlango wa jengo moja. Viatu amevua, goti limechubuka.

“Umeumia?”

“Nimejikwaa kidogo tu. Kaa.”

“Mama Konso, hatujafika hata nusu.”

“Kaa, Mwalimu.”

Hakukaa. Alisimama pale, na kile alichokificha tangu Songea kikamtoka. “Daktari alisema macho yako yatafumba. Nilitaka uone vyote. Kabla.”

Otilia alimtazama, akikigeuza kichwa huku na huku ili aupate uso wote wa mumewe.

“Kumbe ndiyo hiyo,” akasema. “Nami nilidhani Roma imekupa wazimu.” Kisha akamuuliza, “Mtu akija kwetu akasimama mlangoni, hodi, hamjambo, kwaherini, tunamwambiaje?”

“Tunamwambia amekuja kuchukua moto.”

“Basi tangu tufike, sisi tunachukua moto kwa watu. Hatujakaa hata kwa mmoja. Giza likija nitabaki na nini, milango? Mimi sitaki vyote, mume wangu. Nataka kimoja, nikae nacho mpaka nikizoee. Mawe haya yako hapa tangu enzi za makaisari. Gofu halikimbii, mgeni, mbio za nini?”

Mwalimu akakaa. Alikaa kwanza kwa sababu ameamriwa, halafu akakaa kwa kupenda.

Jengo lile lilikuwa mgahawa. Kaunta ya mawe ilikuwepo bado, na chini yake beseni la kuoshea vikombe. Kulikuwa na rafu za mawe zinazopanda kama ngazi, na ukutani picha ya vyakula iliyopauka. Kizingiti kilikuwa kimelika kwa miguu ya wateja. Otilia alikitazama kitu kimoja mpaka akatosheka ndipo akahamia kingine. Kisha kwa mawazo akamweka mama mwenye mgahawa nyuma ya kaunta, mnene, mkali, anayewafokea wanaogusa rafu. Akaweka na mteja mmoja anayeongea mpaka supu inapoa. Mwalimu akauliza huyo ni nani. Akaambiwa, ni wewe.

Mwalimu alicheka mpaka machozi. Akawaza jinsi alivyofundisha vita na makaisari miaka yote ile, asijiulize hata siku moja nani alikuwa anaosha vikombe. Alijisikia furaha ya mtoto siku ya kufunga shule. Wakala mikate na machungwa waliyofungiwa na Konsolata, wakabishana kama supu ya mle ndani ilikuwa ya samaki au ya dengu, kila mmoja akitetea yake kwa nguvu zote, mpaka mlinzi akaja kuwaonyesha saa yake ya mkononi kwamba wanafunga.

Siku zilizobaki walikwenda mwendo mwingine. Asubuhi mahali pamoja, mchana walilala kama watu wenye akili zao, jioni walitembea kidogo wakiwa wameshikana mikono. Koloseo walirudi, wakakaa ng'ambo yake mpaka Otilia akasema haya, sasa tumejuana. Mengi hawakuyaona, na Konsolata aliwasikitikia. Wao hawakusikitika hata chembe.

Wakarudi huku, kahawa ikachumwa, ikachumwa tena, na giza likaja kama daktari alivyosema. Asubuhi lilipokamilika Mwalimu alilia, akasema angempeleka sehemu nyingine zaidi, ilikuwa ni uvivu wake tu. Otilia akamshika mkono, akamwamuru naye afumbe macho. Akampeleka Ostia kwa maneno. Hili hapa benchi. Inua mguu, kizingiti kimelika. Kaunta iko kushoto, usigonge nyonga. Beseni lile pale chini, na rafu ziko juu yake, tatu, ya chini imebanduka pembe. Mwalimu, mwenye macho yake mazima, alikuwa ameisahau ile pembe. Akakumbuka ukuta, akaikumbuka picha, akamsikia na yule mama mkali akifoka. Alipofumbua macho alikuwa anacheka, na mkewe anamuuliza leo watakunywa supu gani, ya samaki au ya dengu.

Macho yalikwenda, wanangu. Gofu halikwenda popote. Otilia aliingia mle kila alipotaka, akatuingiza na sisi, na hakuna aliyeketi naye akatoka bila kuonja ile supu.

Kwa hiyo shangazi yenu hakuwa anamtukana bwana harusi. Alikuwa anamkaribisha akae.

Gofu halikimbii, mgeni, mbio za nini?