Chupa Iliyopungua

Sogeeni karibu, na mwenye masikio mazuri ampishe mbele asiyesikia vizuri, maana nikimaliza nitawauliza swali.

Juu kabisa katika milima ya Upare, pale mashamba yanapokoma na msitu kuanza, waliishi majirani watatu. Nakiete alikuwa na macho: akipita msituni mara moja tu, alijua kipi kitazaa na lini. Navoneiwa alikuwa na pua. Alipika kwa kunusa, haonji, na chakula chake hakikumshinda mtu kumaliza. Mzee Eliasifiwe, aliyestaafu kazi ya kuchemsha vyombo vya tiba katika zahanati, alikuwa na usafi usio na mfano.

Mwaka huo ushirika wa kata ulitangaza kwamba atakayeleta chakula kipya kilichotokana na mazao ya hapohapo atapewa mtamba wa maziwa. Nakiete, ambaye zizi lake lilikuwa tupu tangu ugonjwa ulipomaliza ng'ombe wake, aliwashawishi wenzake watengeneze jamu ya matunda ya mwiba, yale meusi yenye punjepunje kama forosadi yanayoota ukingoni mwa msitu. Hakuna aliyewahi kuyapika. Hata kuyala watu waliogopa, kwa kuwa zamani mtu mmoja aliyala akafa, na haikujulikana kama ndiyo yaliyomuua.

Nakiete alichuma siku mbili. Miiba ilimchana mikono hata akashindwa kujifunga khanga. Alileta ndoo tatu. Alipokaa barazani kwa Navoneiwa akijipaka mafuta, alimwona mwenyeji wake akitoka mlango wa nyuma na bakuli lililofunikwa, kisha akirudi nalo tupu.

"Umepeleka nini huko?"

"Maganda," akajibu Navoneiwa bila kumtazama.

Matunda ya mwiba hayana maganda. Tangu hapo Nakiete hakubanduka jikoni. Alimtazama mwenzake akichemsha matunda na sukari. Sufuria ya kwanza iligoma kuganda. Navoneiwa akairudisha motoni, akakamulia limau, akakoroga tena. Uji ule wa moto ulimrukia ukamwunguza mkono mara tatu, wala hakuacha mwiko. Mwishowe jamu ikashika.

Mzee Eliasifiwe alichemsha chupa, akazijaza, akazifunga, akazipanga kabatini kwake. Nakiete alizihesabu mwenyewe: kumi na mbili. Siku tatu baadaye akapita kuzihesabu tena. Kumi na moja.

"Mzee, moja iko wapi?"

"Ipo," alisema mzee, akaendelea kufuta meza.

Sasa Nakiete akaona mambo yote wazi. Mmoja ameficha matunda, mwingine ameficha chupa. Siku ya maonyesho watakuja na jamu yao, yeye abaki na makovu. Akaacha kuwasalimia. Kisimani aliwaambia wanawake kwamba Navoneiwa ni mwizi, na neno hilo likamfikia mwenyewe siku ileile. Navoneiwa hakuja kuuliza. Nakiete akasema moyoni, angekuwa hana kosa angekuja.

Siku ya maonyesho ikafika. Jamu ikawekwa mezani, na hakuna aliyegusa kijiko.

"Nani ameshaila?" aliuliza mama afisa kilimo.

Nakiete akainamisha kichwa. Yeye mwenyewe hakuwa amethubutu.

Mzee Eliasifiwe akatoa chupa tupu katika mfuko wa koti. "Nimeila mimi. Kijiko asubuhi, kijiko jioni, siku tisa. Sikuwaambia hata wanangu, wangenizuia. Nilitaka kama ni sumu, iishie kwangu."

Watu wakaonja, wakaongeza. Jamu za meza nyingine zilikuwa zimechacha na kutoa povu. Hii ilikuwa safi. Afisa akauliza siri yake.

"Nilitoa yaliyooza," alisema Navoneiwa. "Bakuli zima, yalikuwa chini kabisa ndani ya ndoo. Nilishindwa kumwambia mtu aliyechanika vile kwamba kazi yake nyingine ni ya kutupa."

Nakiete akahisi uso ukiwaka. Alitaka kumshika mkono mwenzake, akaona kovu la moto, akauacha.

"Mmeshinda," alisema afisa. "Lakini ushirika unaandika jina moja na zizi moja. Nimwandike nani?"

Nakiete alibuni wazo na kuchuma, kisha akamchafulia mwenzake jina. Navoneiwa alipika na kuiokoa jamu, lakini alidanganya. Mzee aliweka roho yake rehani, ila kwa chupa aliyoichukua bila ruhusa. Nakiete alikuwa bado anamtaka yule mtamba, akiona aibu kumtaka.

Afisa ameshika kalamu, na wote watatu wanaitazama. Haya, ninyi mliokaa hapa: mngemwambia aandike jina la nani?