Sindano za Handakini

Wahenga hawakuchimba mahandaki, ila miiba iliwachoma, ndiyo maana wakatuonya kwamba jambo dogo likidharauliwa huzaa balaa kubwa. Msimamizi aliyeitwa Nondo alilisikia onyo hilo tangu utotoni. Liliingilia sikio hili, likatokea lile.

Nondo alikuwa bingwa wa kusuka vyuma, na jina hilo la utani alilipenda. Katika handaki jipya la reli, hata hivyo, hapakuwa na chuma cha kusuka. Zege lilichanganywa na vipande vyembamba vya chuma, vifupi kuliko kidole, kisha likanyunyizwa kwa bomba kwenye mwamba. Mafundi waliviita sindano.

"Sindano ni za fundi cherehani," Nondo alisema. "Tangu lini mlima ukashonwa?"

Mafundi wakacheka. Mdogo wake, aliyeshika bomba, hakucheka.

"Kaka, zege lenye sindano likipasuka hushikana, mtu akapata nafasi ya kukimbia. Zege tupu huanguka."

"Kushika koleo nilikufundisha mimi. Leo unanifundisha zege?"

Mdogo mtu akarudi kwenye bomba lake. Kaka ni kaka.

Siku moja sindano zikafanya mabonge, bomba likaziba, kazi ikasimama. Wakubwa wa kampuni walikuwa njiani kuja kukagua. Nondo, asiyekubali kuumbuka, akaamuru sehemu iliyobaki inyunyizwe zege tupu. Mdogo wake akatii. Ukuta ukakauka, ukapendeza. Nondo aliupapasa kwa kiganja, akafurahi kwamba haukumkwaruza.

Lakini mlima haumwonei mtu muhali. Wiki iliyofuata, mdogo wake alipokuwa akisafisha mashine mahali hapo, mwamba ulisogea kidogo. Kwingine kote zege lilifanya nyufa, likasimama. Pale palipokuwa tupu, bamba zima liliporomoka bila onyo, likamwangukia mguuni.

Nondo alifukua kwa mikono yake, akilia waziwazi mbele ya mafundi. Hospitalini, mguu ulikatwa.

Alipozinduka, mgonjwa alimwona kaka yake kando ya kitanda. Hakumlaumu. Alisema kwa sauti ya usingizi, "Kaka, nikune kidole gumba cha mguu. Kinaniwasha."

Nondo alipenyeza mkono chini ya shuka, akapapasa, akakuta godoro tupu. Ndipo alipojua kwamba mdharau mwiba mguu huota tende, na mguu wenyewe waweza kuwa wa nduguye.