Pensheni ya Jina la Kuazima

Hapo zamani, si zamani za majini na wafalme, zamani za juzijuzi za pasi na viza, walikuwako mjini Wete ndugu wawili, watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Mkubwa Salhiya, mdogo Mwanamkasi. Waliazimana kila kitu: kanga, bangili, hata viatu vya harusini. Ndiyo mila yetu, na anayenyima husemwa ana roho mbaya mpaka siku ya maziko yake.

Salhiya akatangulia Ulaya, nchi ya tambi. Akafagia hoteli miaka, akakatwa pensheni kila mwezi. Akaja likizo, akaposwa, akanogewa, asirudi tena. Makaratasi yake yakabaki mkobani.

Mwanamkasi akamwambia, "Dada, niazime jina."

"Lichukue, mdogo wangu. Mimi hapa naitwa Mama Makame, la nini?"

Mwanamkasi akaenda nalo nchi ya jibini, Ulaya hukohuko. Na picha ya kitambulisho je? Wee! Mabwana wa mpakani, werevu wasio na kifani, waliitazama picha, wakamtazama yeye, wakaona mwanamke mweusi kajitanda mtandio, wakaridhika. Akaogesha wazee wa watu, akawanyanyua, akawageuza, akakatwa pensheni kila mwezi kwa jina la Salhiya Faki. Magoti yalipokwisha akarudi Wete, hana mume, hana mtoto, hana nyumba. Analala chumba cha uani kwa dada yake, na tegemeo lake ni pensheni hiyo tu. Usiku hali hiyo ilimuuma kweli.

Ndipo akaingia Makame, mwana wa Salhiya, mwenye duka la kuchapa barua. Akawaandikia wa tambi kudai pensheni. Wakajibu: miaka michache, waulize wa jibini. Akawaandikia wa jibini. Wakajibu: miaka michache, waulize wa tambi. Ustaarabu ulioje! Huko watu wanavuka mipaka kama wanatoka sebuleni kwenda jikoni. Ni pensheni tu inayopigwa danadana. Makame akang'ang'ania mpaka akaipata sheria yao wenyewe: miaka ya nchi hii na ile huunganishwa, kisha kila nchi hulipa fungu lake. Miaka ya Salhiya peke yake haikufika kiwango. Ya Mwanamkasi peke yake haikufika. Ya jina moja, ilipounganishwa, ikafika. Pensheni ikakubaliwa.

Mapenzi ya ndugu yakaanza hapo.

Salhiya akasema, "Jina ni langu, nimechinjiwa mbuzi wa akika. Nilikuazima, sikukupa. Mtu akiazima bangili ikampendeza, ndiyo imekuwa yake?"

Mwanamkasi akawaka. "Jina lako halikumgeuza mgonjwa kitandani! Magoti haya ni yangu, dada. Mimi nabeba watu, wewe uko hapa unapakwa hina. Na hiyo miaka yako ya tambi, bila yangu, ingekupa nini? Hata kibaba cha mchele isingekupa!"

"Mama, mama mdogo, tulieni," akasema Makame kwa upole wa mtu asiye na tamaa. "Nyote mlikuwa mmekalia miaka isiyofaa kitu. Aliyeiunganisha ni nani? Mimi sitaki makubwa. Nataka nusu tu."

Mwanamkasi akafikiria kwenda kusema kweli. Lakini akisema kweli, pensheni inafutwa, naye anabaki na magoti yake. Akaliacha wazo hilo.

Basi wale wa jibini, kwa uaminifu wao, wakataka kuhakikisha kwamba mwenye pensheni yu hai. Wangempigia simu ya video. Atakayeitika ndiye atakayetaja akaunti ya kulipiwa, na sura yake ndiyo itakayotambulika mpaka afe. Wakigombana mbele ya Mzungu, wote wamekosa.

Siku ikafika. Wakakaa mkeka mmoja, Makame kashika simu katikati, hajaamua aielekeze wapi. Mzungu akatokea na tai yake, akatabasamu. "Salhiya Faki ni nani?"

Salhiya akauweka sawa mtandio wake. Ndilo jina aliloitwa na baba yake. Mwanamkasi alikwishafungua kinywa. Ndilo jina aliloitwa na wagonjwa wake mpaka wanakata roho.

Haya, nyinyi mnaojua haki za watu kuliko makadhi, amueni, na muamue upesi, Mzungu hapendi kusubiri. Je, nani alistahili kuitika?