Figa la Ng'ambo

Anayetaka kukohoa akohoe sasa. Na wewe uliyeuliza kwa nini mafiga ya nyumba zetu hayafanani rangi, sogea hapa usikie vizuri, maana sirudii. Upande huu wa mto utakuta mawe mawili mekundu na moja jeusi. Ukivuka, mawili meusi na moja jekundu. Wageni wakiona husema watu wa Mwihula ni wavivu hata wa kuokota mawe. Waacheni waseme.

Zamani hizo jimbo letu halikuwa mpakani mwa kitu chochote. Kulikuwa na mto tu. Upande wa machweo vilikuwa vilima vya mawe mekundu, vyenye migomba na watu waliobanana, hata kuku wa huyu alitaga kwa yule na hakuna aliyegombana. Upande wa mawio ulikuwa uwanda wa mawe meusi, wenye ng'ombe wengi na nyumba chache, hata ukiishiwa chumvi ulitembea kutwa nzima kuiomba. Katikati, pale mto unapotanuka, kulikuwa na bonde lenye majani yasiyokauka. Watu walivuka kivukoni kama mtu anayetoka uani kuingia jikoni. Walioana, wakazikana. Kila nyumba ilipikia mawe ya upande wake, na mtu alipohama alibeba mafiga yake yote matatu. Ukiacha hata moja, hujahama. Umetembea tu, na utarudi.

Kisha ikaja miaka mitatu bila mvua. Ng'ombe wakabaki mbavu, migomba ikainama. Macho ya watu wote yakageukia bonde, na bonde lisingetosha wote. Mtemi Rutaihwa wa machweo na Mtemi Lugembe wa mawio walikutana, wakakubaliana kuepuka vita kwa njia hii: upande wenye watu wengi uchukue bonde. Kwa kila kichwa litiwe harage moja kibuyuni. Na ili mtu asihesabiwe mara mbili, kivuko kifungwe mpaka vibuyu vyote vizibwe, na atakayetia mguu majini achomwe mkuki na walinzi wa upande wowote. Wakaapa. Walioapa walikuwa wanaume watupu, nawaambieni, wala hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mimba nazo zitangoja.

Huku machweo alikuwako mjane, jina lake Kokubanza, mkunga aliyejua kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni. Alijaliwa mtoto mmoja tu, binti, Nyakato, aliyeolewa ng'ambo na Bigirwa. Nyakato alikuwa na mimba ya kwanza, na mwezi wake ulikuwa umetimia.

Siku ya pili ya hesabu, asubuhi, Kokubanza aliteremka mtoni na mtungi wake. Ng'ambo akamwona Bigirwa. Sasa mnajua kwetu mkwe hamtazami mama mkwe wake usoni. Humpa mgongo, na akiwa na neno humtuma mtu. Asubuhi ile Bigirwa alisimama ukingoni, akamtazama mama wa watu usoni, akapaza sauti mbele za watu.

"Mama mkwe! Mtoto amekaa vibaya! Nyakato ameshikwa na uchungu tangu jana!"

Kokubanza hakungoja maneno mengine. Kule kutazamwa tu kulimwambia kwamba binti yake anakufa. Mtungi ukamtoka mikononi.

Rutaihwa alikuwa ameketi kivukoni, kibuyu mapajani, walinzi pembeni.

"Mtemi, nipishe nivuke."

"Harage lako liko humu tayari, Kokubanza. Ukivuka watasema tunatuma watu wakavuruge hesabu. Bonde lote litapotea kwa ajili ya miguu yako miwili."

"Mwanangu anakufa."

"Wana wakunga wao."

"Wangekuwa wanaweza, yule kijana angenikodolea macho hivyo?"

Mtemi akakikumbatia kibuyu. Hakuwa mtu katili, la hasha. Alikuwa na watoto elfu wenye njaa nyuma yake, na kiapo shingoni. Kokubanza akapiga magoti. Akasihi, akalia, akamtajia mama yake mzazi. Jua likapanda, na vivuli vya walinzi vikawa vifupi. Kule ng'ambo Bigirwa alikimbia nyumbani, akarudi, akakimbia tena. Kila aliporudi alipunga mkono kwa unyonge zaidi.

Mara akainuka, akapanda kilima kwenda kwake. Watu wakadhani amekata tamaa. Akasogeza majivu kando, akang'oa figa moja, bado lina moto, akalitwika kichwani juu ya ngata nene. Akarudi kivukoni.

"Mafiga mawili yamebaki kwangu," akasema. "Haya, nani kati yenu atasema nimehama?"

Wazee walioketi na mtemi wakatazamana. Mila ile ilikuwa ya zamani kuliko mtemi yeyote. Walipokuwa wakitazamana, yeye alikwisha ingia majini.

Maji yakafika magotini, yakafika kiunoni. Walinzi wa Lugembe wakainua mikuki. "Rudi, mama! Tumeapa!"

"Nani kwenu anapika kwa figa moja? Sikuja kukaa!"

Mkuki ukaja, ukachoma maji shibiri moja kutoka ubavuni mwake. Akayumba, jiwe likayumba, akalishika kwa mikono miwili. Akaendelea. Hapo Bigirwa akajitupa mtoni, akasimama kati yake na mikuki, akawapa walinzi mgongo. Hakuna aliyethubutu kurusha wa pili.

Kokubanza alimkuta Nyakato hana sauti tena. Akanawa, akamgeuza mtoto, mtoto akatoka, wa kike, akalia. Nyakato alimwona mama yake, akamjua, akamshika kidole. Lakini alikuwa ametoka damu tangu asubuhi, na damu haikukoma. Alikata roho alasiri ile ile.

Kokubanza aling'oa jiwe moja jeusi jikoni mwa bintiye, akaweka lake jekundu, akachemsha maji, akamwogesha mjukuu. Wahesabuji wakafika na Lugembe mwenyewe, hawana habari.

"Nyumba hii watu wangapi?"

"Asubuhi mke na mume," akasema, mtoto kifuani. "Sasa ni baba na mwana. Mtie harage la nani? La huyu anayelia, au la yule aliyelala pale? Na mimi mnitie wapi? Mngeniacha nivuke asubuhi, msingepata taabu ya hesabu."

Mwenye kibuyu akakiweka chini. Lugembe akachungulia ndani, akaona, akavua kilemba chake. Akakipindua kibuyu uani kwa mkono wake, maharage yakatawanyika mavumbini. Kilio kilipovuka mto, Rutaihwa naye akamwaga yake majini. Bonde likabaki la wote, na njaa wakaila pamoja.

Mtoto akabaki kwa shangazi aliyekuwa ananyonyesha. Kokubanza aliliacha jiwe lake kule, ili mjukuu ale kutoka jikoni mwa bibi yake, akarudi kwake penye mafiga mawili. Chungu hakikai juu ya mawili. Siku ya nne Bigirwa akamletea lile jeusi, akalipanga mwenyewe majivuni. Kisha akaketi akimtazama usoni, wakalia wote wawili.

Na tangu siku hiyo, binti wa kwetu akiolewa ng'ambo, jiwe moja huenda na jingine hurudi, na sisi hatuhesabiani vichwa. Baadaye walikuja wenye ramani, wakasema mto ni mpaka, wakaweka na walinzi. Sawa. Lakini mama akishuka kivukoni na figa kichwani, hata walinzi humpisha, wala hawamwulizi anatoka upande gani. Wa kwanza alizuiwa, akachelewa.