Ndoo ya Bluu ya Katibu

Hapo zamani, na sisemi zamani ya mababu, nasema zamani ya juzi tu, kijiji cha Namkole kilikuwa na bomba moja la maji na mjumbe mmoja wa mkutano mkuu wa chama. Bomba lilitoa maji kila Jumatano. Mjumbe, Mzee Likwata, hakutoa chochote. Miaka kumi alikwenda mkutanoni akarudi na kofia mpya, na akiulizwa habari za maji anajibu, "Hatukuyafikia."

Pale bombani palikuwa na desturi. Unaweka ndoo yako kwenye foleni, unakwenda zako shambani, na ndoo ni wewe. Hakuna wa kuiruka. Ndoo ya kwanza kila wiki, ya bluu yenye mfuniko, ilikuwa ya Katibu wa tawi, Chilumba, shemeji yake Mzee Likwata. Katibu mwenyewe hakuonekana bombani hata siku moja; alikingiwa na wengine.

Somoe, mkulima wa korosho, alichoka. Alichoka kweli, si kule kuchoka kwa kulalamika halafu mtu akalala. Akasema, "Mwaka huu mjumbe ni mimi, na bomba hili nitalisema mpaka wanaosinzia mkutanoni waamke." Akachukua daftari la tawi la kuandikishia wanachama, akaingia vitongojini.

Vitongoji vilikuwa vitano. Akafika cha kwanza, akawakuta wanawake uani.

"Hodi."

"Karibu. Umeleta nini?"

"Kadi ya chama."

"Kadi inaleta maji?"

"Haileti. Inakupa haki ya kumwondoa asiyeyaleta."

Wakajiandikisha. Akafika cha pili: hodi, karibu, kadi inaleta maji, haileti. Wakajiandikisha. Cha tatu mbwa wakamtoa mbio. Kesho yake akarudi na wifi yake Asumini ameshika fimbo, na huko nako wakajiandikisha.

Hapo ikaja barua kutoka wilayani: mtu mmoja aende mafunzo ya uongozi, siku saba. Jina lililoandikwa lilikuwa la Somoe. Lakini daftari lilikuwa linafungwa Ijumaa, na vitongoji viwili vilikuwa vimebaki. Somoe akaishika barua ile muda mrefu. Aliyatamani mafunzo, maana hakuwa amekaa tena darasani tangu alipomaliza la saba.

"Wifi," akasema, "nenda wewe."

"Jina ni lako, wifi."

"Jina langu, masikio yako. Ukirudi utanifundisha."

Asumini alikwenda, Somoe akavimaliza vitongoji viwili, Asumini akarudi, akafundisha. Kila jioni wanawake walijaa uani kwake wakijifunza namna ya kutoa hoja, namna ya kudai nafasi ya kusema, namna ya kumpinga mwenyekiti bila kutolewa nje. Somoe alikaa mbele akisikiliza. Alifurahi, na aliona wivu, yote mawili kwa pamoja.

Katibu alipoona wanawake mia moja wana kadi, akatangaza uchaguzi wa mjumbe: Jumatano ijayo, saa tatu asubuhi. Saa ile ile ya maji. Na uchaguzi wa tawi ni wa kupanga mstari nyuma ya mgombea, asiyekuwepo hahesabiwi. Asumini akafungua kanuni, akazifunga. "Kanuni inataka taarifa ya siku saba," akasema, "naye ameitoa. Hapa hatuna pa kumshika."

Jumatano ikafika. Bombani Somoe akasema, "Jamani, twendeni mkutanoni."

"Ndoo inashika nafasi, haijikingii maji. Na watoto wanywe nini wiki nzima?"

Somoe akamgeukia Asumini, naye Asumini akafungua kanuni tena, akazifunga.

Ndipo akainuka Bi Nakoma, muuza vitumbua, ambaye kadi yake ilikuwa na mwezi mmoja tu. Akaitoa ndoo ya bluu mbele ya foleni, akajitwika, akashika njia ya ofisi ya tawi. Somoe akamfuata. Bi Nakoma akaitua mbele ya meza ya Katibu.

"Katibu, huyu nani?"

"Hiyo ni ndoo yangu."

"Miaka yote unatuambia ndoo ni mtu. Basi kule bombani tuna ndoo mia moja. Zihesabu."

"Ndoo haina kadi, bibi."

"Sawa. Basi na hii haina foleni. Kuanzia leo utakuja mwenyewe kwa miguu yako, na utaanzia mwisho."

Hata watu wa Mzee Likwata, waliokuwa wamekaa pale wakingoja uchaguzi, walicheka. Katibu akaitazama ndoo yake, akawatazama watu, akasema mkutano utakuwa saa tisa, maji yakiisha.

Saa tisa wanawake walifika wote mia moja. Mzee Likwata akasimama, watu arobaini wakajipanga nyuma yake. Somoe akasogea mbele. Sauti ikatoka kwa wenzake: "Asumini." Nyingine ikatoka: "Bi Nakoma." Katibu akaandika majina yote upesi, akitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Mia moja wakiwa pamoja, Likwata hana lake. Wakigawanyika mara tatu, anavaa kofia mpya.

"Nimewaandikisha mmoja mmoja," akasema Somoe. "Bila miguu yangu hapa kungekuwa na watu arobaini tu. Hata hayo mafunzo ni mimi niliyeyatoa."

"Uliyatoa, wifi, na sikatai," akasema Asumini. "Lakini kule wataficha bomba letu ndani ya kanuni, na anayejua kulitoa humo ni mimi. Utakwenda kusema nini ukikatizwa?"

"Mmoja alituandika, mmoja akatufundisha," akasema Bi Nakoma, "na leo asubuhi wote wawili mlinyamaza. Mkutano mkuu umejaa makatibu. Mnataka kumpeleka anayenyamaza mbele yao?"

Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Katibu akatazama saa.

Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, usijifanye mgeni. Uko uwanjani Namkole, ndoo yako imejaa maji ya wiki moja tu, na mstari ni mmoja. Je, ungesimama nyuma ya nani?