Kiti cha Bi Mwanahawa

Hapo zamani, si ile ya majini na wafalme, bali zamani ya juzi tu, yenye ving'ora na barabara za lami, kikosi cha gari la wagonjwa katika mji mmoja wa milimani kilikuwa na mwiko wake: gari halioshwi kabla ya roho kuoshwa. Mgonjwa akishafikishwa, wote huketi nyuma ya gari, kila mmoja akasema alichofanya na alichokosea. Mkuu wao, Bi Mwanahawa, hakuruhusu mtu kugusa ndoo kabla ya hapo.

Siku moja Sikudhani na Mhina walimchukua mzee aliyeanguka harusini. Alinuka pombe ya miwa. "Mlevi tu huyu," akasema Sikudhani, "twende taratibu." Kufika hospitalini, muuguzi akamtoboa kidole: sukari imeshuka vibaya! Mzee akaamka, ila kwa kucheleweshwa ulimi ukabaki mzito.

Wakaketi. "Tulimbeba vizuri," akasema Sikudhani, mkono ukiifuata ndoo.

"Ngoja, dada," akasema Mhina. "Pua yako ilinusa. Kidole je, ulikitoboa?"

Sikudhani akaurudisha mkono. Angesema alikitoboa, lingekuwa neno lake dhidi ya la Mhina tu. Na kile kiti cha mkuu kando ya dereva, cha Bi Mwanahawa aliyekaribia kustaafu, alikitamani tangu aanze kazi.

"Sikukitoboa," akasema, machozi yakimtiririka. "Nilimhukumu kabla sijampima."

Kaoneka, wa zamu nyingine, alisikiliza. Huyo kikaoni hufungua masikio; kosa lake mwenyewe kamwe halitaji.

Mwezi haukwisha, Kaoneka akaitwa sokoni. Kijana kalala mtaroni, ananuka gongo, watu wanacheka: "Mwacheni, zitamtoka!" Kaoneka akamtoboa kidole, akaona sukari imeshuka, akampa sukari ya mshipani. Kijana akaketi, akafoka: "Nani kachukua kiatu changu?"

Soko zima likashangilia. Bi Mwanahawa akasema, "Sasa naweza kupumzika. Kiti changu nani akikalie?"

"Mimi," akasema Kaoneka. "Maneno hayajamwamsha mtu. Mkono wangu ndio uliomwamsha."

"Mkono ulioazima macho ya wenzio!" Sikudhani akamrukia. "Aibu niliibeba mimi, wewe ukala matunda. Lini umewahi kusema kosa lako hapa?"

"Na wewe ungesema, bila mimi kukuuliza?" akadakia Mhina. "Ulishaifuata ndoo!"

"Bwana wee!" akajibu Sikudhani. "Machela ulishika upande wa pili. Swali lako zuri hivyo, mbona hukuniuliza palepale harusini?"

Mhina akainamisha uso. "Kweli. Hata mimi sikupima." Ikawa mara ya kwanza kulisema.

Kaoneka akakohoa. "Basi nami ninalo langu..." Wote wakageuka. Kabla hajaendelea, simu ikalia: mama kaanguka kisimani. Dereva akawasha gari. Watatu wakasimama, mlango wa mbele uko wazi, kiti ni kitupu.

Haya, nyinyi mnaonong'ona huko nyuma, msiniambie "wote". Kiti ni kimoja na mama anasubiri. Aliyekiri, aliyeuliza, au aliyesikia akatenda: je, nani alistahili kukikalia?