Msiba wa Bi Pimbi

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa nani?
Pakawa jirani.
Alikuwa wapi siku ya shida?
Alikuwepo, akichungulia.

Haya, sogeeni. Hapo kale alikuwepo Bi Pimbi, kajitu kadogo kasikojaza hata kikapu cha mayai, akikaa majabalini na vitoto vyake. Asubuhi moja alishuka kutafuta majani mabichi, na Fisi huyo akamnasa, kwapu. Lakini Fisi siku ile alikuwa kashiba, tumbo limetuna kama mtungi. Akamfunika Bi Pimbi na tenga la kuku, akaliwekea jiwe juu, gubu.

"Kaa hapo, nyama yangu," akasema. "Njaa ikirudi tutaonana."

Nyumba ya Fisi ilikuwa kando ya njia ya kisimani, njia ya watu wote. Bi Pimbi akafurahi kidogo. Alisema moyoni, hapa sikosi mtu.

Akaja Nyumbu, puku puku puku.

"Bwana Nyumbu, niondolee jiwe hili. Wanangu wananingoja."

Nyumbu akatazama nyuma. "Ningekutoa, ndugu yangu, ila Ngiri yuaja. Atakutoa yeye." Akapita.

Akaja Ngiri, mkia juu, teke teke teke.

"Baba Ngiri, niondolee jiwe hili. Wanangu wananingoja."

"Nyumbu amekupita?"

"Amenipita."

"Basi ana sababu yake. Mtu mzima yule, ana mapembe, hawezi kukupita bure." Naye akapita.

Akaja Bi Kiboko, ndi ndi ndi, kavaa uso wa huruma.

"Dada yangu, niondolee jiwe hili. Wanangu wananingoja."

"Masikini we. Lakini wenzangu wote wamepita kimya, leo mimi nilifunue tenga la watu? Wataniita kiherehere. Pole sana, mwaya. Pole tena." Akapita, pole yake ikabaki njiani inanuka tope.

Bi Pimbi hakulia. Aliketi ndani ya tenga akafikiri. Hao ndio wale wale aliowaona juzi msibani kwa Kobe, wamejaa hadi uani, kila mmoja anamkagua mwenzie nani hakuja. Akajipangusa pua, akaita.

"Bwana Fisi, njaa bado?"

"Inakaribia."

"Basi unajipunja. Mimi ni tonge moja. Jino lako la mbele likinipata, la nyuma halitapata habari. Lakini maiti yangu ni karamu."

Fisi akasogeza sikio. "Karamu gani?"

"Lia. Sema Bi Pimbi ameanguka kwako amekufa. Wewe ndiye mfiwa. Majirani watakuja na unga, watakuja na mbuzi wa kuchinja."

"Hawa hawa waliokupita?"

"Hawa hawa. Aliye hai hana jirani, Bwana Fisi. Jirani ni wa maiti."

Mate yakamdondoka Fisi, do, do, do. "Na wewe nitakula saa ngapi?"

"Wakishaondoka. Nitakwenda wapi na jiwe juu?"

Fisi akajifunga shuka kichwani, akaangua kilio. Uwiii, uwiii. Kabla kilio hakijafika kisimani, njia ilikuwa imejaa. Nyumbu alikuja kwa sababu Ngiri anakuja. Ngiri alikuja kwa sababu Nyumbu ametangulia. Bi Kiboko alikuja kwa sababu wote wamekuja, na nani atataka kusemwa? Unga ukaja, mbuzi akaja, sufuria zikapanda mekoni. Waliona nyama kavu ya Fisi darini, wakaishusha nayo.

Fisi akainuka kuelekea jikoni. Bi Kiboko akamkalisha mkekani.

"Mfiwa haendi jikoni, mwanangu."

"Lakini nataka kula."

"Jamani, majonzi yamemchanganya. Mfiwa gani ana hamu ya kula? Msimsumbue na sahani."

Wakala wao, nyam nyam nyam, huku wakimsifu marehemu kwa moyo wake mzuri. Fisi anaona mbuzi anapita kulia, mifupa inapita kushoto.

Walipokwisha kulamba vidole, Ngiri akauliza, "Maiti yuko wapi?"

"Tutazika kesho," Fisi akasema mbio mbio.

"Maiti hasubirishwi. Na pimbi huzikwa kwao, majabalini."

Ndipo mngeona mambo. Jiwe lile lile lililokosa mtu asubuhi, sasa linagombewa. Nyumbu kalisukuma kwa pembe, gudu gudu gudu. Ngiri kaingiza bega chini ya tenga, huyu anasema nipishe na mimi nishike, yule anasema umeshika mno, nawe mpishe mwenzio. Wakalipindua tenga na Bi Pimbi ndani yake, wakalifunika kwa shuka, wakambeba juu juu mpaka mlangoni kwake. Yeye ndani kabana pumzi, anasikia vitoto vyake vinapiga miluzi mwambani.

Wakatua tenga, wakafunua. Bi Pimbi akasimama, akajikung'uta manyoya.

"Ahsanteni kwa kunifikisha," akasema, akaondoka kwa miguu yake.

Nyumbu alitaka kukimbia, lakini kwanza akamtazama Ngiri. Ngiri katulia. Ngiri naye alikuwa anamtazama Bi Kiboko. Bi Kiboko katulia. Kila mmoja akasema moyoni, kumbe siku hizi ndivyo wanavyozika, mimi tu nimepitwa.

"Mkamateni, jamani," Fisi akapiga kelele.

Nyumbu akamngoja Ngiri. Ngiri akamngoja Nyumbu. Fisi akataka kuruka mwenyewe, lakini Bi Kiboko alikuwa kamkumbatia kwa mikono yote miwili, kamzamisha kifuani.

"Lia, mwanangu. Usizuie."

"Pimbi huyo anakwenda!"

"Ndiyo, amekwenda," akasema Bi Kiboko, akimpigapiga mgongoni. "Sote njia yetu ni hiyo hiyo."

Bi Pimbi akazama ufani kwa wanawe, chwi.

Hadithi nimeitua hapa mkekani. Iliyomkolea ajirambe, isiyomkolea akaazime chumvi kwa jirani. Na funzo lake ni hili, wajukuu zangu: majirani ni watu wema sana, msiwasingizie. Ukipatwa na shida, usiwasumbue kwa makelele wakiwa njiani na shughuli zao. Kufa kwanza, halafu uone unavyopendwa.